Mfuko wa kaptula uliohesabiwa kuwa kinywa

Kwenye faili la kijana huyu kuna sentensi niliyoiandika mwenyewe mwishoni mwa Novemba: "Ushirikiano mzuri sana, saa 13.6 kwa siku." Ni saa za kuvaa kifaa cha kurudisha meno nyuma. Mstari wa chini yake, kwa wino uleule, nimeandika kipimo cha meno yake yalivyochomoza: milimita 9. Kipimo cha Oktoba kilikuwa milimita 9. Mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja nimeyaandika kwa pumzi moja, nikafunga faili, nikaita mgonjwa anayefuata.

Mimi ni daktari wa kinywa na meno hapa Dodoma. Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa ya mama na ya kijana mwenyewe, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha asitambulike. Kama kuna mtu wa kuchekwa humu ndani, si yeye.

Ana miaka 12, yuko darasa la sita, anaishi na mama yake na bibi yake mzaa mama katika nyumba ya vyumba viwili, bati tupu juu, haina dari. Aliletwa Agosti kwa sababu meno yake ya mbele ya juu yamechomoza na taya la chini limebaki nyuma, hivi kwamba midomo inakutana kwa kulazimishwa. Umbali wa mlalo kati ya meno ya juu na ya chini tunaupima kwa rula ndogo. Kwa mtu wa kawaida ni milimita 2 au 3. Kwake ilikuwa 10. Mtoto wa namna hiyo akijikwaa uwanjani, kinachotangulia kufika chini ni meno, na nimeshapokea wengi waliokuja na jino limefungwa kwenye kitambaa.

Nilimtengenezea kifaa cha kuvaa na kuvua kilichobuniwa na daktari William Clark wa Scotland mwaka 1977, kinaitwa Twin Block. Mimi wagonjwa nawaambia "pleti pacha": moja ya juu, moja ya chini, za akriliki, zenye vigingi vya mteremko pembeni. Ukifunga mdomo vigingi vinasukumana na taya la chini halina pa kwenda ila mbele. Umri wa miaka 12 ni mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu mifupa bado inakua. Ila pleti ina sharti moja: inafanya kazi ikiwa mdomoni tu. Ikiwa kabatini ni plastiki tu.

Hapo ndipo kihisi kinapoingia. (Vijana wa kompyuta wanasema sensa. Mimi siwezi, tangu tuhesabiwe Agosti 2022 nikisema sensa mgonjwa ananiangalia kama karani.) Nilikuwa nimerudi kutoka mafunzo nje ya nchi na vihisi vichache vya kupima uvaaji. Ni kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinazamishwa ndani ya akriliki ya pleti ya juu, kina betri yake na kumbukumbu yake. Kazi yake ni moja tu: kila baada ya dakika 15 kinapima joto na kuliandika. Mara 96 kwa siku. Mgonjwa akija, unasogeza pleti kwenye kisomeo, namba zinahamia kwenye kompyuta, na programu inakuchorea grafu. Kisha inakupa namba moja kubwa kwa rangi ya kijani au nyekundu: saa za kuvaa kwa siku.

Programu inajuaje kwamba pleti imevaliwa? Haijui. Inachofanya ni kuhesabu kila kipimo kilicho kati ya nyuzi 33.5 na 39 kuwa ni kinywa. Kinachopungua hapo au kuzidi, inasema haikuvaliwa. Ukikaa katika mji ambao chumba kina nyuzi 20 mwaka mzima, hesabu hiyo haina shida: kinywa ni 35, meza ni 20, nani atachanganya?

Mwishoni mwa Septemba namba ya kwanza ilitoka: saa 3.3 kwa siku, nyekundu. Nilikuwa nimemwambia avae mchana na usiku, avue wakati wa kula na kupiga mswaki. Mama yake aliona aibu mbele yangu, akamgeukia pale pale kitini: "Kwa hiyo mimi nauza vitunguu Sabasaba nikulipie meno, wewe unaniambia umevaa?" Kijana akainamisha kichwa. Na mimi, badala ya kuuliza, nikaongeza mahubiri yangu.

Mwishoni mwa Oktoba: saa 8.9. Tukafurahi. Mwishoni mwa Novemba: 13.6, kijani kibichi. Nikampa mkono kama mtu mzima, nikamchapishia mama ile grafu aibandike ukutani. Meno yalikuwa yametoka milimita 10 hadi 9 kwa miezi mitatu, kisha yakagoma. Nikajiambia labda ukuaji wake unachelewa, labda nilimng'atisha nta vibaya wakati wa kuchukua kipimo cha taya. Nilitafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye ile namba ya kijani. Namba ikishachapishwa kwa kompyuta inapata heshima ambayo mtoto wa darasa la sita haipati, na hilo ndilo jambo linalonikera mpaka leo.

Aliyetutoa gizani ni bibi. Ile karatasi ilibandikwa juu ya kitanda chake, na yeye hasomi, lakini mstari unaopanda na kushuka anaufahamu. Akamwambia binti yake, huyu mtoto mbona kuna mahali anapanda kama kilima cha Simba? Mama akaisogelea, akasoma, akaichomoa ukutani na kuja nayo kliniki siku hiyohiyo bila miadi.

"Dokta, hapa imeandikwa 40.6. Mwanangu alikuwa na homa ya arobaini na mimi mama yake sijui?"

Nikaangalia. Jumanne ya katikati ya Novemba, saa tisa na nusu alasiri, nyuzi 40.6. Ilikuwa imekaa juu ya 39 kwa muda unaozidi saa nzima. Mtoto mwenye homa hiyo haendi shule asubuhi yake na kucheza mpira jioni yake. Na kama haikuwa homa, basi kile kilichopimwa hakikuwa kinywa.

Nilifungua namba ghafi, zile 96 za siku, ambazo kwa miezi mitatu sikuwahi kuzifungua kwa sababu muhtasari ulikuwa unanitosha. Nitaziweka hapa chache za Jumanne hiyo, kwa sababu kisa chote kimo humo.

Jioni yake, saa tatu kamili usiku: 25.9. Robo saa baadaye: 34.9. Kisha 35.3, kisha 35.1. Mruko mmoja tu, na imefika. Huo ni mdomo. Mdomo hausubiri, ukiweka kitu ndani unakipa joto lake papo hapo.

Sasa asubuhi. Saa moja kasorobo: 22.8, amesuuza pleti kwa maji. Kisha 27.9. Kisha 30.4, 32.2, 33.4, 34.0, na baada ya hapo 34.3, 34.4, 34.4, 34.6, mpaka mchana, laini kama mstari wa rula. Robo saa tano kupanda kilima ambacho usiku kilipandwa kwa robo saa moja. Hicho ni kitu kinachopashwa taratibu kama sufuria kwenye mkaa unaoanza kushika. Halafu, saa nne na nusu ni mapumziko ya shule. Mtoto anakunywa maji, anakula andazi. Pleti iliyoko mdomoni ingeshuka kwa maji, au ingevuliwa na kushuka kabisa. Mstari haukutikisika. Hakuna kinywa cha mtoto kinachotulia hivyo saa sita mfululizo, labda awe amezimia.

Ili nisijidanganye mara ya pili, nilichukua kihisi kingine ambacho hakijafungwa kwenye pleti, nikakitia mfukoni mwa suruali, nikatembea nacho siku mbili za Desemba. Namba zikaniambia kwamba mfuko wangu una nyuzi 33.9 hadi 35. Siku ya tatu nilikitundika kwenye stoo yetu ya nyuma, futi moja chini ya bati. Saa nane mchana ikawa 39 na ushee. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai unatafuta blanketi la pili, lakini Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka, jua linatua juu ya bati na joto linakaa ndani mpaka jioni. Tofauti ya kinywa na chumba, ambayo kihisi kinaitegemea kwa kila kitu, hapa katika miezi hiyo inakaribia kufutika.

Basi soma upya zile namba zetu tatu. Agosti na Septemba mfuko wa kaptula ulikuwa na nyuzi 31 au 32, chini ya mpaka, haukuhesabiwa. Oktoba ukaanza kuvuka. Novemba ukavuka kila siku, na chumba nacho kikaingia kwenye hesabu mchana. Mtoto hakubadilisha chochote tangu siku ya kwanza. Septemba tulimgombeza, Novemba tukampa mkono, na kilichobadilika katikati ni majira.

Niliomba niongee naye peke yake, mama akiwa nje ya mlango uliorudishwa nusu.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Hebu nieleze, pleti shuleni unaiwekaje?"

Akajibu bila kusita, kama mtu aliyekuwa anasubiri siku zote aulizwe: "Mfukoni. Kwenye begi wenzangu wanalirusha, itapotea." Na kwa nini asivae darasani? Kwa sababu akiwa nayo mate yanamjaa, na mwalimu wa Kiingereza alishamwambia mara mbili ateme pipi. Nyumbani anavua sare, anaitundika kwenye msumari chini ya bati, pleti imo mfukoni bado. Hapo ndipo 40.6 ilipotoka. Mama alipouliza "umevaa?" alijibu kuhusu usiku, kwa sababu usiku alikuwa anavaa kweli.

Hapa daktari mvivu angeishia kusema: sawa, kumbe havai mchana, tumbane. Nami nilikaribia. Kilichonizuia ni utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia vihisi kama hivi ndani ya pleti kama hizihizi. Walioambiwa wavae saa 22 walivaa kwa wastani saa 12 na kidogo. Walioambiwa 12 walivaa karibu 9. Na meno ya makundi yote mawili yalirudi kwa kiasi kilekile. Kwa maneno mengine, kwanza, watoto wa London nao hawavai tunavyowaambia; pili, usiku mzima uliokamilika unaweza kutosha. Kwa hiyo kama kijana wangu kweli analala nayo, meno yangetakiwa kusogea hata kama mchana pleti inatembea mfukoni.

Nikarudi kwenye usiku. Saa tatu anavaa, 35 na ushee. Halafu, kuanzia saa tano, mstari unaanza kupepesuka: 34.2, 33.1, 32.7, 33.6, 32.4. Karibu na saa saba usiku unaanguka: 29, 27, 26, na unabaki hapo mpaka alfajiri, joto la chumba. Usiku baada ya usiku, siku moja saa sita na nusu, siku nyingine saba na robo. Anavua akiwa usingizini. Asubuhi anaikuta kwenye shuka, anaisuuza, anaitia mfukoni. Saa halisi za mdomoni zilikuwa kama 4 kwa siku.

Zile za kupepesuka ndizo zilizonishika. Pleti bado iko mdomoni, lakini kaakaa limepoa hadi 32. Linapozwa na nini? Na hewa. Mtoto huyu anapumua kwa mdomo. Programu, kwa ujinga wake, vipimo hivyo ilivikataa kwa kuwa viko chini ya 33.5. Yaani mfuko iliuhesabu kinywa, na kinywa ikakikataa.

Nilipomwambia afunge mdomo apumue kwa pua, aliweza kuhesabu mpaka kumi na mbili, akafungua. Bibi alipoulizwa akasema mtoto anakoroma tangu mdogo, na miezi ya vumbi ndiyo zaidi. Hakuna aliyewahi kumleta kwa hilo, kwani mtoto anayekoroma si mgonjwa, ni mtoto aliyechoka. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alikuta mzio uliovimbisha pua ndani na nyama za puani zilizokua kidogo, si za kukatwa haraka. Akampa dawa ya kupulizia puani kila siku na maji ya chumvi ya kusafishia. Mama akaning'iniza shuka juu ya kitanda kuzuia vumbi linalodondoka kwenye bati, na mazoea ya kufagia chumba mtoto akiwa amelala yakaisha.

Ikumbukwe pia kwamba mtoto anayepumua kwa mdomo miaka na miaka mara nyingi ndiye tunayemkuta na meno yaliyochomoza. Nilikuwa napigana na matokeo, nikamwekea mdomoni kitu kinachomnyima nafasi ya kupumulia, kisha nikaweka askari ndani yake amripoti akikitema.

Januari, mama aliuliza swali ambalo nililitarajia. Bibi ana kisukari, amechoka kujichoma kidole, na mama ameona kwenye simu video ya kitu kinachobandikwa kwenye jino kikapima sukari. Je, si kile kile cha mtoto?

Si kile kile. Video hiyo inatokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, ya mwaka 2018: kibandiko cha milimita 2 kwa 2 juu ya jino, kinachobadilisha namna kinavyojibu mawimbi ya redio kikikutana na sukari, chumvi au pombe. Kizuri, na kinashangaza. Lakini kinaonja kilichopita mdomoni. San Diego na Tokyo nako wamepachika vihisi kwenye kinga za meno vipime mate yenyewe, na hapo ndipo ugumu: sukari iliyomo kwenye mate ni kidogo mno ukilinganisha na ya damu. Bibi akipiga funda moja la chai ya sukari, mdomo utapiga kelele wakati damu bado haijapata habari. Nikamwambia mama, bibi aendelee na kidole. Wazo lenyewe si geni hata hivyo: Zurich, miaka ya 1960, walishapachika vipimo vya asidi ndani ya meno ya bandia na kuona kila kitafunwa kinavyoishusha pH (yaani asidi inavyopanda) kati ya jino na jino. Nacho kinachotumika kweli leo ni cha wachezaji wa raga, kinga za meno zinazopima kichwa kimetikiswa kiasi gani; shirikisho la dunia la mchezo huo liliziingiza kwenye utaratibu wake wa kuchunguza majeraha ya kichwa Januari 2024. Mdomo una mengi ya kusema. Ila kila kihisi kinajua neno moja tu, na cha kwetu kinajua joto.

Mambo mawili niliyabadilisha. Ile namba ya kijani na nyekundu siwaonyeshi tena wazazi. Naichora grafu ya siku tatu na tunaisoma pamoja na mtoto, yeye akinieleza kila kilima ni nini. Na pleti nilimruhusu kuiacha nyumbani siku za shule, avae anaporudi na usiku.

Kuiacha wapi, lilikuwa swali, maana chumba ni kilekile na bati ni lilelile. Bibi ndiye aliyetoa jibu, kwa kutoangalia hata karatasi. Ana mtungi wake wa maji kwenye kona, na pembeni akaweka kijungu kidogo cha udongo chenye mfuniko, maji safi yanabadilishwa kila asubuhi. "Hapo haipati joto," alisema. Hewa ya Dodoma ni kavu, udongo unatoa jasho, maji yanapoa. Akriliki nayo inapenda kukaa kwenye maji kuliko kukauka.

Mwezi Machi rula ilisema milimita 7. Usiku, mstari unapanda saa mbili na nusu na hauanguki mpaka saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa siku nne ambazo dawa ya pua iliisha na mama alisubiri apate pesa. Halafu, kila siku ya shule, kuanzia saa moja na dakika kumi hadi saa tisa, mstari ulionyooka kwenye nyuzi 22. Programu imeupaka wekundu.